Papa alinisomesha, nikaenda kumsalimia kwake!

Mpenzi msomaji, kila nyumba ina harufu yake. Kuna waliolelewa kwenye harufu ya karafuu, kuna waliokulia kwenye kahawa inayokaangwa. Mimi mwenzako nimekulia kwenye harufu ya papa mkavu.

Mama yangu aliuza papa katika soko la Mgandini, Tanga, kwa miaka zaidi ya ishirini. Ada yangu ya sekondari, viatu vya shule, daftari, hata sare ya kaki ya kaka yangu, vyote vilitoka kwenye vipande vya papa vilivyopangwa juu ya gunia. Shuleni wenzangu wakanipa jina: Ng'onda. Nikipita wanaziba pua. Nikifika nyumbani nalia, mama ananiambia, "Waache wazibe pua, wewe ziba masikio. Mwisho wa muhula tutaona nani kafukuzwa ada."

Na kweli, sikufukuzwa hata siku moja.

Sasa juzi juzi nikamwambia mama, ambaye siku hizi anakaa kwangu Tabata, kwamba nakwenda Mafia kupiga mbizi na papa. We! Bibi huyu aliacha kuchambua mchele, akanitazama kama mtu aliyeona jini mchana.

"Unalipwa?"

"Hapana mama, nalipa mimi."

"Yaani unatoa hela yako ili uliwe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichambua mchele kimya kama dakika tano hivi, halafu akasema neno ambalo ndilo lililonisindikiza safari nzima: "Haya, nenda. Lakini ukifika niangalizie kitu kimoja. Niangalizie kama bado wapo. Mimi niliacha biashara si kwa sababu ya uzee. Niliacha kwa sababu papa wenyewe walikuwa wanaletwa vichanga, urefu wa mkono wangu. Nikawa naona haya kuwapanga juu ya gunia."

Miaka yote nilijua mama aliacha sababu ya miguu!

SAFARI YA MBAGALA HADI KILINDONI

Kabla hatujafika mbali, nikutoe wasiwasi. Mafia ninayoisema si ile ya Italia, ya watu wenye suti nyeusi na bastola. Ni kisiwa chetu wenyewe, wilaya ya Mkoa wa Pwani, kimelala baharini mkabala na mahali mto Rufiji unapomwaga maji yake. Watu wake wapole, nazi zao tamu, na bodaboda zao zinakwenda taratibu kuliko za hapa Dar, jambo ambalo peke yake ni sababu ya kufunga safari.

Njia za kwenda ni mbili. Mwenye nafasi anapanda ndege ndogo Dar es Salaam, nusu saa tu yuko Kilindoni. Mwenye pochi kama yangu anapanda basi Mbagala alfajiri, anapita Mkuranga, anaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu na kushika njia ya Nyamisati, ndipo apande chombo cha majini.

Chombo kinatoka polepole katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji yametulia kama uji uliopoa, abiria wote tunapiga soga na kugawana korosho. Nikajiona mwanamaji. Tulipotoka tu kwenye mikoko na kuikuta bahari yenyewe, na kaskazi imeanza kuvuma, soga zikaisha. Mama mmoja jirani yangu akanipa ndimu ninuse. Nilinusa, nikailamba, mwisho nikaitafuna yote na maganda. Mtoto wa Tanga natapika mbele ya watu wa bara! Aibu iliyoje.

Lakini nikwambie siri nyingine iliyo kubwa zaidi. Mimi mtoto wa pwani, niliyezaliwa naisikia bahari kitandani, nilikuwa sijui kuogelea mpaka nilipofika umri wa miaka arobaini na mbili. Kwetu wavulana waliruka baharini kutwa. Msichana akiingia majini zaidi ya magoti anaulizwa, "Unatafuta nini huko?" Bahari tuliiona kwenye sufuria. Nilijifunza kuogelea ukubwani, hapa hapa Dar, kwenye bwawa, pamoja na watoto wa darasa la tatu walionipita wote.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui upigaji mbizi wake. Mimi nikaamua niyafike.

RISASI KIUNONI, MTUNGI MGONGONI

Kutoka Kilindoni nilichukua usafiri hadi Utende, upande wa pili wa kisiwa, kama kilomita 15 hivi. Huko ndiko iliko ghuba ya Chole, na huko ndiko walipo wapiga mbizi. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake hapa Tanzania. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822, na ndani yake vimo vijiji na watu wanaoishi na kuvua kwa masharti.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mwembamba wa Kimafia, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini kama anamlaza mtoto. Kwanza akanipa karatasi ya maswali ya afya. Una pumu? Una presha? Umewahi kupasuliwa sikio? Una mimba? Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mambo haya si mchezo.

Kisha vifaa. Suti ya mpira inabana hadi ile chapati ya asubuhi unaisikia ilipo. Miwani inafunika macho na pua. Miguuni unavaa mapezi ya mpira, unatembea kinyumenyume kama bata anayerudisha gari. Kiunoni unafungwa mkanda wenye vipande vya risasi. Usishtuke, ni risasi madini, si risasi ya bunduki. Kazi yake ni kukuzamisha, maana mwili na ile suti vinataka kuelea. Mgongoni unabeba mtungi wa chuma uliojaa hewa hii hii tunayovuta Kariakoo, ila imesafishwa na kushindiliwa kwa nguvu. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, ndio waliotengeneza mwaka 1943 ile koki inayokupa hewa kila unapovuta.

"Dada, sharti la kwanza," akasema mwalimu. "Usizuie pumzi. Vuta, toa, vuta, toa. Ukizuia pumzi huku unapanda juu, ile hewa mapafuni inatanuka, inaweza kukupasua."

"La pili?"

"La pili, rudi kwenye la kwanza."

Akanieleza kwamba ukishuka mita 10 tu, maji yanakukandamiza mara mbili ya pale juu. Wa kwanza kulalamika ni masikio. Dawa yake ni kubana pua na kupuliza taratibu mpaka usikie "tik". Usiposikia, hushuki. Mgeni asiye na cheti, kama mimi, hashuki zaidi ya mita 12, na mwalimu anakuwa naye bega kwa bega. Kuna mahali panaitwa Kinasi, mlango wa ghuba ambako maji ya bahari kuu yanaingia na kutoka. Wazoefu wanapapenda mno, lakini mkondo wake si wa kuutania. Sisi tukabaki ndani ya ghuba.

Haya, nikazama.

Dakika mbili za kwanza nilikuwa nimeshaghairi. Maji yaliingia kwenye miwani, puani kukawasha, nikasahau sharti la kwanza na la pili. Nikamshika mwalimu mkono kwa nguvu, nikamwonyesha juu. Nataka kutoka! Yeye hakunivuta juu wala hakunikatalia. Alinitazama tu machoni, akaweka kiganja chake mbele ya kifua, akawa anakipeleka mbele na kukirudisha polepole. Vuta. Toa. Nikamfuata kama mwanafunzi wa chekechea. Akanikumbusha kwa ishara, inua kichwa, bonyeza miwani juu, puliza kwa pua. Maji yakatoka. Nikaona.

Msomaji wangu, nilichokiona sina pa kukiweka. Matumbawe kama bustani iliyopandwa na mwendawazimu mwenye bahati. Pono wanatafuna mawe, unasikia kabisa "kwaru kwaru" kama mtu anakula karanga mbichi. Taa mwenye madoa ya buluu kajifukia mchangani, macho nje. Mkunga kachungulia tundu lake, mdomo wazi, kama jirani mmbeya. Chewa mnene ananitazama bila heshima. Kasa akapita juu yetu, hana haraka na mtu. Nikaangalia mikono yangu, nikashtuka: rangi yangu ya kucha, nyekundu ya moto, imegeuka kuwa ya kahawia, karibu nyeusi! Mwalimu akanieleza baadaye kwamba rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji kadiri unavyoshuka. Akina dada, msije mkadai mmeuziwa rangi feki.

Lakini papa? Hakuna. Nikageuka kulia, hakuna. Kushoto, hakuna. Tulizama siku hiyo na kesho yake pia. Wapi!

Tulipokaa kwenye mashua tunakunywa chai ya tangawizi, nikamuuliza mwalimu, "Kaka, papa wako wapi? Mimi nimekuja kuonana na papa."

Akakaa kimya kidogo. "Papa wa miambani? Dada, siku hizi kumwona ni bahati. Babu yangu anasema zamani alikuwa anawasukuma kwa kafi."

Hapo maneno ya mama yakanirudia kifuani. Niangalizie kama bado wapo.

NANI ANAMLA NANI?

Niliporudi nyumba ya wageni nilikaa na simu yangu, nikasoma. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza matokeo ya kutega kamera kwenye miamba 371 ya matumbawe katika nchi 58. Karibu asilimia 20 ya miamba hiyo hawakumpata papa, yaani kapungua mpaka hana tena nafasi katika maisha ya mwamba. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Sababu ni uvuvi, basi.

Sasa linganisha. Duniani kote, watu wanaouawa na papa bila kumchokoza ni wachache, mara nyingi hawafiki kumi kwa mwaka. Papa wanaouawa na watu ni mamilioni kwa makumi. Halafu filamu ya Jaws ya mwaka 1975 ikatufundisha kwamba muuaji ni yeye! Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu ile, alikuja kutumia miaka yake ya baadaye kuwatetea papa. Alijuta, bwana.

Papa si kama dagaa. Dagaa ukimvua leo, baada ya muda mfupi wamejaa tena. Papa wengi huchukua miaka mingi kukua kabla hawajazaa, na wengi huzaa watoto wachache. Ukivua kichanga umevua na wajukuu zake.

Usinielewe vibaya, msomaji. Mimi si wa kumnyooshea mvuvi kidole huku tumbo langu limeshiba kwa kazi yake. Mimi ni mtoto wa papa. Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa joto.

POTWE, MFALME ASIYE NA NGUVU ZA KUUMA

Siku ya tatu nikarudi Kilindoni, upande wa magharibi. Hapo ndipo kuna yule papa mwingine, mkubwa kuliko samaki wote duniani. Watu wa Mafia wanamwita potwe. Wengine wa pwani, hasa Kenya, wanamwita papa shilingi, na wana hadithi yake: Mungu alipomuumba alifurahi mno, akamrushia mgongoni shilingi za fedha, ndiyo yale madoa meupe. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1828, baada ya mmoja kupatikana Afrika Kusini. Anaweza kupita hata mita 12, na wapo waliofika 18. Wa Mafia wengi ni madume vijana ambao hawajafika ukubwa huo.

Ukubwa wote huo, chakula chake ni nini? Vidubwana vya baharini, uduvi na visamaki vidogo. Anafungua mdomo, anachuja maji, anameza. Meno anayo maelfu, kila moja dogo kama punje, wala hayatafuni kitu. Kwa hiyo akikumeza wewe, tatizo litakuwa lake.

Wakati mzuri wa kumwona ni kuanzia Oktoba mpaka Machi. Wapimaji waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawahami hata msimu ukiisha, wanasogea tu kwenye maji ya ndani zaidi, wasionekane. Na kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa, kama alama za vidole vyetu. Wakimpiga picha ubavuni wanajua huyu ni nani. Walioandikishwa Mafia kwa njia hiyo ni zaidi ya mia moja.

Saa moja asubuhi nikawa ufukweni. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo ya mama yangu, kofia ya kitambaa, macho mekundu ya chumvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Dar, lakini kwetu Tanga. Mama yangu alikuwa anauza papa Mgandini."

Akaacha kamba aliyokuwa anaifungua. Akanitazama upya. "Basi wewe ni jamaa yangu. Mimi nimetega jarife miaka kumi na minane."

Kwa wasiojua, jarife ni wavu wa matundu makubwa, wa kukamata papa na taa. Mzee akanisimulia tukiwa njiani, mkono mmoja kwenye usukani wa mashine. Papa walivyopasuliwa na kutiwa chumvi. Maini yalivyochemshwa kutoa sifa, mafuta ya kupaka vyombo, ambayo ukinuka leo unanuka mpaka Ijumaa ijayo. Mapezi yalivyokuja kuwa ghali kuliko samaki mzima, watu wakaanza kukata pezi na kutupa mwili.

"Hapo ndipo nikajua tumepotea," akasema. "Samaki unamtupa, unabaki na mkia?"

"Ndiyo ukaacha?"

"Hata. Niliacha wavu ulipoanza kurudi mtupu. Nisikudanganye mwanangu, sikuacha kwa huruma."

Nilimpenda hapo hapo.

Tulizunguka kama saa nzima. Mzee hakuwa anatazama mbali, alikuwa anatazama ndege. Ndege wakishukia mahali pamoja, chini kuna dagaa. Penye dagaa, potwe hayuko mbali. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo, wao na yeye wanatafuta sahani moja. Mara nyingine usiku wakizungusha nyavu zao kwenye taa, wanamkuta naye ndani. Inabidi washushe wavu apite, na dagaa wanapita naye. Hasara ya usiku mzima.

"Na wanamwachia kweli?"

"Wengi wanamwachia. Lakini mvuvi aliyerudi bure, halafu asubuhi anaona mashua ya wageni inakwenda kumtazama yule yule aliyemtoboa mfuko, na hiyo hela hata mia haimfikii, unadhani atacheka? Hilo nalo liandike."

Nimeliandika, mzee.

Ghafla akazima mashine. "Yule pale. Vaa."

Kwa potwe hakuna mtungi, msomaji. Yuko juu juu, unahitaji miwani, mrija wa kuvutia hewa na mapezi ya miguuni. Masharti ni machache: usimguse, usimpande, kaa mbali naye kama mita tatu au nne, jihadhari na mkia, usimkingie njia, na msiingie umati. Mzee akahesabu mpaka tatu. Nikaruka kabla moyo haujauliza maswali.

Mwanzoni sikuona kitu. Maji yalikuwa na ukungu wa kijani, maana mto Rufiji unaleta rutuba yake huko na ndiyo inayolisha vidubwana. Nikageuka. Na pale kwenye ukungu ukatokea mdomo.

Mdomo tu! Mpana kama mlango wa stoo, umeachama, unakuja kwangu. Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka nina mrija kinywani. Miguu ilisahau kazi yake. Nilichoweza ni kile kiganja cha mwalimu. Vuta. Toa. Vuta. Toa. Yule mnyama akafika karibu, kikaonekana kijicho kidogo cha pembeni, kikanitazama, akainamisha kichwa kidogo tu, akapita chini yangu kama mtu mzima anayempisha mtoto kwenye ngazi.

Ukauona mgongo sasa. Unapita, unapita, hauishi. Madoa meupe juu ya kijivu, na mistari katikati, kama manyoya ya kanga yule ndege. Mzee alimkadiria mita saba, yaani Coaster nzima ya Mbagala inapita chini ya tumbo lako bila honi wala kondakta. Visamaki vidogo vimeandamana naye mbele ya pua, kama watoto wanaofuata ngoma. Na juu ya pezi la mgongoni kulikuwa na kovu, mkato mmoja ulionyooka. Mzee aliniambia baadaye ni panga za mashine ya boti.

Nilimfuata kama dakika kumi. Anakwenda taratibu, mwendo wa mtu anayetoka msikitini, lakini ukijaribu kwenda naye unatweta. Halafu akainamisha kichwa na kushuka. Madoa yakawa machache, yakawa matatu, ukabaki ukungu.

Siku hiyo tuliona watatu. Nilipopandishwa kwenye mashua nilikuwa nalia, na maji ya chumvi ni kisingizio kizuri.

Mzee akanipa taulo. "Zamani papa nilimuuza mara moja, ameisha," akasema. "Huyu namuuza asubuhi, na kesho yupo. Ila akiondoka huyu, sina kingine cha kutega."

UKITAKA KWENDA

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Jifunze kuogelea kwanza, usije ukamwachia nahodha kazi ya kukuopoa. Beba kitambulisho cha Taifa, kwani kuingia hifadhini kuna kiingilio na Mtanzania halipi sawa na mgeni. Bei za mashua ulizia kwa zaidi ya mmoja kabla hujaafikiana. Ukizama na mtungi usipande ndege siku hiyo hiyo, subiri angalau saa 18, na zaidi ni bora. Chagua nahodha anayezima mashine mapema na asiyekimbiza samaki. Akimkimbiza, mwambie aache. Hela ni yako, sauti pia ni yako. Na ukipata nafasi, vuka uende Juani ukaone magofu ya Kua, mji wa kale ambao miti imeubeba mabegani.

NILIMJIBU MAMA

Niliporudi Tabata mama alikuwa amenisubiri na chakula. Wali, na papa mkavu wa nazi. Alikuwa amemtafuta soko zima kwa ajili yangu, maana anajua ndicho chakula nilichokuwa nikililia shuleni bwenini.

Nikakaa. Nikamsimulia yote, mdomo, madoa, kovu, mzee wa jarife. Nikamwonyesha picha. Akaivuta simu karibu na macho, akahesabu madoa kwa kidole kama anahesabu chenji.

"Kwa hiyo wapo."

"Potwe wapo, mama. Wengine sikuwaona."

Akarudisha simu. Akatazama bakuli. Vipande vilikuwa vidogo, unaona kabisa ni kipapa cha urefu wa mkono.

Msomaji wangu, sitakudanganya, nilikula. Nimelelewa kwa kile chakula, na aliyepika ni mama. Lakini kila tonge nililipeleka kinywani polepole, na mama naye nilimwona hakuongeza mchuzi.

Wiki iliyofuata alipika kibua. Na iliyofuata tena, kibua. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Ila juzi Jumapili, tukiwa tunaanika nguo, akaniuliza kama hayo mapezi ya mpira yanapatikana ya saizi ya miguu inayovimba.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.